Namna ya Kuchagua Mavazi ya Tango ya Ukumbini: Mwongozo kwa Wanaoanza

Kila darasa jipya la tango, dansi ya wawili wawili waliokumbatiana, linapofunguliwa, maswali ya mavazi hurudi yale yale: nivae viatu gani, je, sketi lazima iwe na mpasuo mrefu, je, suruali ya jinzi inakubalika, je, ni lazima rangi ziwe nyeusi na nyekundu? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia viatu hadi mkoba wa jioni. Umeandikwa kwa ajili ya mtu anayekwenda ukumbini kucheza na wenzake kwa starehe, awe mwongozaji, yaani anayeongoza hatua, au mfuataji, anayezifuata, mwanamke au mwanamume.

Picha ambazo wengi wamezizoea, za sketi iliyopasuliwa hadi nyongani, soksi za wavu na suti iliyobana, ni za tango ya jukwaani, ambayo hupangwa hatua kwa hatua ili itazamwe kutoka mbali. Tango ya ukumbini ni jambo jingine, na hata mashindano ya dunia yanayofanyika Buenos Aires tangu mwaka 2003 huzitenganisha katika makundi mawili. Katika kundi la ukumbini wachezaji hubuni hatua papo hapo na hawatakiwi kuachiana wakati wimbo unaendelea. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mavazi. Nguo ya ukumbini inavaliwa na mmoja lakini inagusana na miili ya watu kadhaa katika jioni moja, kwa sababu wachezaji hubadilishana wenzi baada ya kila tanda, yaani mfululizo wa nyimbo 3 au 4. Kila nguo basi ipimwe kwa maswali mawili: je, inaniacha nitembee, na je, mwenzangu atajisikiaje akiigusa?

VINAVYOHITAJIKA KABLA YA KUANZA

Usianze kwa kwenda dukani. Anza na kabati lako, kwa sababu wengi tayari wana nguo zinazofaa na hawajazitambua. Andaa vitu vifuatavyo:

- Kioo kirefu kinachokuonyesha kuanzia kichwani hadi miguuni.
- Sehemu ya sakafu iliyo wazi, ambapo unaweza kupiga hatua nne za kurudi nyuma bila kugonga kitu.
- Nguo tatu au nne ulizo nazo ambazo unadhani zinaweza kufaa.
- Viatu utakavyochezea au, kama bado hujavipata, viatu vyenye soli isiyonata na kisigino cha urefu unaolingana.
- Tepu ya kupimia na pini za kushikilia upindo.
- Nyimbo tatu za tango, ambazo kwa kawaida huchukua jumla ya dakika 8 hadi 10.
- Rafiki mmoja aliye tayari kukukumbatia katika mkao wa kucheza. Huyu ni wa lazima, kwa maana kioo hakitakuambia kwamba kifungo chako kinamchoma mtu kifuani.

HATUA ZA KUFUATA

1. Fahamu unakwenda kwenye shughuli ya aina gani.

Praktika ni kipindi cha mazoezi, na mavazi yake ni ya kawaida: suruali nyepesi, fulana safi, sketi isiyobana. Milonga ni dansi yenyewe ya jioni, na wengi huja wamejipamba. Kati ya milonga na milonga pia kuna tofauti. Nyingine hufanyika mchana katika bustani, nyingine usiku katika kumbi za heshima ambako mwanamume asiye na koti ataonekana amekuja bila kujiandaa. Muulize mwandaaji mapema mambo mawili tu: watu huvaaje, na sakafu ni ya nini. Jibu la pili lina uzito kuliko la kwanza, kama utakavyoona katika hatua inayofuata.

2. Chagua viatu kabla ya nguo nyingine yoyote.

Ikiwa fedha zako zinatosha kitu kimoja tu, nunua viatu. Katika tango mchezaji hutembea, kisha huzunguka juu ya mguu mmoja, hasa mbele ya unyayo. Soli ya mpira hung'ang'ania sakafu wakati mwili umekwisha kugeuka, na msokoto huo hupokelewa na goti. Ndiyo maana raba za mazoezi, pamoja na starehe yake yote, hazifai kwa mtu anayejifunza mizunguko.

Soli zinazofaa ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya ngozi ngumu yenye uso laini, ambayo huteleza zaidi na hivyo kusaidia kwenye sakafu inayonata, kwa mfano ya mbao isiyopigwa rangi ya kung'aa au ya saruji. Ya pili ni ya ngozi iliyokwaruzwa ikawa na manyoya mafupi, ambayo hushika kidogo na hivyo kumpa mchezaji uthabiti kwenye vigae au mbao zilizong'arishwa. Anayeanza na asiyejua atachezea wapi achague hii ya pili, kwa kuwa ni rahisi kumfundisha mtu kuzunguka juu ya soli inayoshika kidogo kuliko kumtoa hofu ya kuanguka.

Kuhusu kisigino, viatu vingi vya wafuataji vinavyouzwa kwa ajili ya tango vina kisigino cha sentimita 7 hadi 9. Hakuna sheria inayokulazimisha kufikia hapo. Sentimita 5 au 6 zinamtosha anayeanza, na wapo wafuataji hodari wanaocheza kwa viatu bapa maisha yao yote. Jambo la kuchunguza ni mahali kisigino kilipo: kinapaswa kusimama katikati ya kisigino cha mguu wako, kisitokeze nyuma, na usimamapo kwa mguu mmoja kisiyumbe. Kiatu kiwe na mkanda unaozunguka kifundo cha mguu au unaopita juu ya unyayo, kwa sababu kiatu kinachochomoka kisiginoni hakiwezi kuushika mguu kwa usalama.

Mwongozaji naye achague kiatu cha kamba chenye soli nyembamba, kisigino cha sentimita 2 hivi, na ncha isiyozidi sana urefu wa vidole. Ncha ndefu iliyochongoka humkanyaga mwenzi hata pale mguu wenyewe ulipo mahali sahihi.

Tahadhari: usinunue kiatu kikubwa ukitumaini kwamba kitakuwa na nafasi. Ngozi hulegea kadiri inavyovaliwa, na kiatu kilichokutosha vizuri dukani kitapwaya baada ya muda. Kiwe kimeshika mguu bila kuuma, na vidole viweze kujinyoosha. Pia usivivae barabarani. Mchanga mmoja uliokwama katika soli hukwaruza sakafu ya watu, na unyevu huharibu ngozi.

3. Chagua kitambaa kwa kukigusa, kukivuta na kukikunja.

Pamba, kitani, viskosi na sufu nyepesi hupokea jasho na kuruhusu hewa. Poliesta tupu huacha jasho juu ya ngozi na hushika harufu, hata baada ya kufuliwa, ingawa mchanganyiko wenye poliesta kidogo hukunjika kwa shida na hivyo hufaa kwa suruali. Kiasi kidogo cha nyuzi zinazovutika, asilimia 2 hadi 5, huifanya suruali au sketi iliyobana iweze kuchezewa.

Kisha fikiria mkono wa mwenzi. Satini nzito huvutia machoni, lakini mkono uliowekwa mgongoni juu yake huteleza, na mwongozaji hulazimika kubana zaidi ili asiupoteze. Kitambaa chenye vipande vya kumetameta vilivyoshonewa hukwaruza ndani ya mkono wa mtu kwa muda wote wa tanda. Sijawahi kumsikia mwongozaji akilalamika hadharani kuhusu hilo. Wengi huvumilia kimya, halafu tanda ijayo hutafuta mtu mwingine.

4. Pima sketi, gauni au suruali kwa hatua ya kurudi nyuma.

Hatua ndefu kuliko zote katika tango ni ya mfuataji anaporudi nyuma. Vaa sketi, simama wima, kisha peleka mguu mmoja nyuma kutoka nyongani kadiri unavyoweza bila kuinama. Ikiwa goti linazuiwa na kitambaa, sketi hiyo haifai, hata iwe nzuri namna gani. Sketi iliyobana huhitaji mpasuo nyuma au ubavuni unaofika juu kidogo ya goti; zaidi ya hapo ni suala la upendeleo, wala si la uchezaji. Sketi ya marinda au iliyokatwa duara haihitaji mpasuo kabisa, na huongeza uzuri kwa kuendelea kuzunguka kidogo baada ya mwili kusimama.

Urefu unaofaa zaidi ni kuanzia gotini hadi katikati ya muundi. Gauni linalofika chini lina hatari mbili: kisigino chako mwenyewe hulinasa unaporudi nyuma, na viatu vya jirani hulikanyaga ukumbi unapojaa. Kwa upande mwingine, sketi fupi nyepesi hupanda katika hatua ambazo mguu hurushwa au kunasana na wa mwenzi, kama boleo na gancho. Vaa kaptura fupi ya ndani ya rangi ile ile, na hutakuwa na sababu ya kuivutavuta sketi katikati ya wimbo.

Suruali pana za kitambaa laini huwafaa wafuataji wengi, mradi upindo wake ufungwe kwa lastiki kifundoni au ukatwe juu ya kisigino. Kipimo cha upindo kichukuliwe ukiwa umevaa viatu vya kuchezea, si pekupeku. Kosa la kwenda kwa fundi cherehani na viatu vya kawaida ni la kila siku, na sentimita mbili zinatosha kuigeuza suruali nzuri kuwa mtego.

Kwa mwongozaji, suruali yenye marinda mawili mbele na nafasi mapajani ni bora kuliko ile iliyobana, kwa sababu humruhusu kupiga hatua ndefu na kuweka mguu katikati ya hatua ya mwenzi bila mshono kukaza. Jinzi nyeusi isiyobana inakubalika katika praktika nyingi, ila ni nzito, hushika joto, na mshono wake mnene ndani ya paja husugua.

5. Chagua nguo ya juu kwa kuzingatia sehemu zinazogusana.

Katika mkumbatio wa karibu, mkono wa kulia wa mwongozaji huzunguka mgongo wa mfuataji, mkono wa kushoto wa mfuataji hupita juu ya bega la mwongozaji, na mikono mingine miwili hushikana pembeni. Vifua hukutana, na mara nyingi upande wa kulia wa uso wa kila mmoja hugusa ule wa mwenzake. Ukiijua ramani hii, maamuzi mengi hujifanya yenyewe.

Mfuataji anyanyue mkono wake wa kushoto hadi usawa wa bega la mtu mwingine, kisha ageuke atazame kioo. Blauzi iliyokatwa chini sana kwapani itapanda na kuacha kiuno wazi; blauzi ambayo kwapa lake limekatwa juu, karibu na mwili, itabaki mahali pake hata ikiwa imebana. Mgongo ulio wazi ni mtindo unaopendwa na unapunguza joto, lakini waongozaji wengi hupendelea kuweka kiganja juu ya kitambaa kuliko juu ya ngozi yenye jasho. Suluhisho zuri ni gauni lenye uwazi juu na kitambaa kuanzia chini ya makombe ya mabega, mahali ambapo kiganja hukaa. Fundo na kamba zilizofungwa mgongoni ziepukwe, kwa sababu vidole hunasa humo.

Mwongozaji achague shati la pamba lenye mikono, avae fulana nyepesi ya ndani ya kunyonya jasho, na atoe kalamu, miwani na simu mfukoni mwa kifua. Kola ngumu sana humchoma mwenzi chini ya kidevu. Koti lina kazi kubwa kuliko urembo: huzuia jasho la shati lisimfikie mwenzi. Hata hivyo, koti la kuchezea linapaswa kupimwa ukiwa umenyanyua mkono wa kushoto hadi usawa wa macho ya mwenzi. Kama bega zima linapanda hadi sikioni, kwapa limekatwa chini mno. Koti lisilo na bitana nzito linatosha.

6. Ondoa kila kinachochoma, kunasa au kuchora.

Bizimu kubwa ya mkanda huacha alama tumboni mwa mwenzi. Saa na bangili kwenye mkono wa kulia wa mwongozaji hunasa kitambaa na nywele, na bangili kwenye mkono wa kushoto wa mfuataji hukwaruza shingo. Pete zenye vito kwenye mikono inayoshikana huumiza baada ya wimbo wa kwanza. Hereni ndefu ya sikio la kulia ndiyo inayonasa zaidi, kwa kuwa uso wa mwenzi upo upande huo. Anayependa hereni avae zinazokaa juu ya ndewe. Mkufu wenye kidani kigumu ubaki nyumbani, na nywele ndefu zifungwe juu au mbele ya bega. Funguo na simu ziachwe mkobani. Manukato yawe machache sana, kwa sababu harufu inayopendeza kwa umbali wa hatua mbili huweza kumkaba mtu aliyeweka shavu juu ya shingo yako.

7. Sasa fikiria mtindo.

Nimeuweka mtindo hapa kwa makusudi. Mtu aliyekwisha kuchuja nguo zake kwa hatua zilizotangulia atabaki na chache ambazo zote zinafaa, na hapo anaweza kuchagua kwa moyo mkunjufu. Nyeusi na nyekundu si sharti. Kijani cha zumaridi, buluu nzito, rangi ya zambarau, michoro ya maua, vyote huonekana vizuri chini ya taa hafifu. Rangi ya kijivu nyepesi na ya buluu mpauko huonyesha jasho haraka, ilhali nyeusi, nyeupe, buluu nzito na vitambaa vya michoro hulificha. Kwa kuwa watazamaji waliokaa huona zaidi miguu na migongo, urembo ukiwekwa katika viatu, upindo wa sketi na umbo la mgongo wa gauni hauendi bure, na wala haumsumbui mwenzi. Mwongozaji anaweza kuonyesha ladha yake kwa kizibao kilichokatwa vizuri au viatu vya rangi mbili.

8. Jaribu mavazi yote pamoja kwa tanda nzima.

Vaa kila kitu, pamoja na nguo za ndani utakazotumia, kisha piga hatua nne za nyuma, kaa na kusimama, zunguka kulia na kushoto, na mkumbatie rafiki yako kwa nyimbo tatu mfululizo bila kurekebisha chochote. Mwishoni muulize ni wapi palipomchoma na kama mkono wake uliteleza. Nguo uliyolazimika kuivuta mara mbili nyumbani utaivuta usiku kucha ukumbini.

Tahadhari: usivae viatu vipya kwa mara ya kwanza kwenye milonga. Vitembelee ndani ya nyumba kwa siku kadhaa, nusu saa kila mara.

9. Funga mkoba.

Weka viatu katika mfuko wa kitambaa, leso mbili, taulo dogo, dawa ya kwapa isiyo na harufu kali, shati au blauzi ya akiba, plasta, pini za kufungia, na brashi ya waya kwa wenye soli ya manyoya. Mwongozaji anayetoka jasho sana abebe mashati mawili au matatu na abadilishe wakati wa kortina, kile kipande kifupi cha muziki kinachotenganisha tanda. Hakuna anayemdharau mtu kwa kubadilisha shati. Wanaocheza naye baadaye humshukuru.

MATATIZO YANAYOJITOKEZA NA NAMNA YA KUYATATUA

Soli imeanza kuteleza kupita kiasi. Manyoya ya soli yamelala au yamejaa vumbi. Yasugue kwa brashi ya waya, taratibu, kwa kuelekea upande mmoja. Brashi ikitumiwa kwa nguvu kila siku hula ngozi, basi itumie inapohitajika tu.

Soli inanata. Kagua kwanza kama kuna ubani au nta iliyoganda, uiondoe, kisha ujaribu tena. Kama sakafu yenyewe ndiyo inayonata, punguza mizunguko na inua kisigino kidogo zaidi kabla ya kugeuka. Usimwage poda sakafuni kwa hali yoyote. Kwako itakuwa nafuu, kwa jirani yako itakuwa anguko.

Mguu unateleza ndani ya kiatu. Weka kipande cha ngozi chini ya vidole au nyuma ya kisigino, na kaza mkanda tundu moja. Mguu ukiendelea kusogea, kiatu ni kikubwa na hakuna kitakachokisaidia.

Malengelenge yametokea. Bandika plasta mara unapohisi joto, kabla ngozi haijainuka, na ubadilishe viatu kama una jozi ya pili. Lengelenge lililojitokeza lisitoboliwe ukumbini.

Blauzi inapanda kila mkono unaponyanyuliwa. Fundi anaweza kuongeza kipande chenye pembe nne kwapani, ambacho huupa mkono nafasi bila kuvuta kiuno. Kwa usiku huo, ichomeke ndani ya sketi.

Mkono wa mwongozaji unateleza mgongoni. Vaa juu ya gauni kizibao kifupi cha lesi ya pamba au kitambaa kingine kisichoteleza. Gauni la satini linaweza kubaki kabatini kwa ajili ya sherehe nyingine.

Upindo umenaswa na kisigino katikati ya wimbo. Simama papo hapo, usivute mguu. Mjulishe mwenzi kwa kumbana bega kidogo, sogeeni pembeni ya mstari wa wachezaji, ambao huzunguka ukumbi kinyume cha mwendo wa saa, na utoe kitambaa kwa mkono. Kilichochanika kifunge kwa pini upande wa ndani, ncha ikielekea chini, ili isimguse mtu.

Vipodozi vimebaki kwenye shati la mwenzi. Omba radhi mara moja, bonyeza doa kwa leso kavu bila kusugua, kwa maana kusugua hulisambaza na kuliingiza katika nyuzi. Safari nyingine, acha upande wa kulia wa uso bila poda nyingi, au pakaa mapema nyumbani na ubonyeze kwa karatasi laini hadi isiache alama.